Vitu Viwili Vinapokutana: Kemia ya Kazini



Wengi wetu tuliacha shule kabla ya kufika darasa la sayansi, na wengine tulifika lakini tukaambiwa kwamba kemia ni somo la madaktari na mainjinia. Hiyo si kweli. Mtu anayetia chokaa katika maji ya miwa huko Kakira, anayechemsha kitambaa katika dawa kiwandani Jinja, au anayechachusha kahawa iliyomenywa kwenye miteremko ya Mlima Elgon juu ya Mbale, anafanya kazi ya kemia kutwa nzima. Tofauti ni kwamba injinia anajua linalotendeka ndani ya tangi, na yeye hajaambiwa. Naye asiyeambiwa ndiye anayesimama karibu zaidi na tangi.

Katika makala hii tutaeleza jambo moja tu, nalo ni tofauti kati ya vitu kuchanganyika na vitu kugeuka. Anayeielewa tofauti hii amepata ufunguo wa somo lote, na pia amepata kinga ya mwili wake.

KUCHANGANYIKA NA KUGEUKA

Chukua mahindi na maharage uyatie katika sufuria moja. Umepata mchanganyiko, lakini hindi bado ni hindi na haragwe bado ni haragwe. Ukiwa na subira unaweza kuyatenga. Tia chumvi katika maji. Chumvi haionekani tena, lakini haikupotea: onja, utaikuta. Chemsha maji hayo mpaka yakauke, nayo chumvi itabaki chini ya sufuria. Vivyo hivyo maji yakiganda kuwa barafu au yakichemka kuwa mvuke, bado ni maji. Maji ya Mto Nile yalianza kuzungusha mitambo ya umeme ya Owen Falls, hapa Jinja, mwaka 1954, katika bwawa ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Yanatoa nguvu nyingi, lakini upande wa pili yanatoka maji yale yale na kuendelea na safari yake kwenda Misri. Mabadiliko ya namna hii huitwa mabadiliko ya kifizikia: umbo au hali imebadilika, kitu chenyewe hakikubadilika.

Sasa choma kuni. Kinachobaki ni jivu, na hakuna mtu awezaye kulirudisha jivu lile kuwa kuni. Acha panga la kukatia miwa nje kwenye mvua, nalo litapata kutu. Kutu si chuma kilichochafuka. Ni kitu kingine kabisa, kilichozaliwa baada ya chuma kuungana na maji na hewa ya oksijeni. Hayo ndiyo mabadiliko ya kikemia: vitu vya mwanzo vimekwisha, na kitu kipya kimezaliwa.

Tena kitu hicho kipya hakifanani na wazazi wake. Hapa ndipo penye siri ya kemia yote. Chumvi tunayokula imeundwa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni sodiamu, metali laini ambayo ikitiwa katika maji hutoa moto na huweza kulipuka. Cha pili ni klorini, hewa ya rangi ya kijani na manjano inayounguza mapafu. Tarehe 22 Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliifungulia hewa hiyo karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, nayo ikaua askari wengi waliokuwa katika mahandaki. Lakini sodiamu na klorini vikiungana, twapata chumvi, nasi twaila kila siku. Vitu viwili vya hatari vimezaa chakula.

Ndugu, ikiwa hilo linawezekana, basi kinyume chake kinawezekana pia: vitu viwili tulivyovizoea vinaweza kuzaa sumu. Ndiyo maana katika kemia hatukisii. Kujua kitu cha kwanza na kujua kitu cha pili hakutoshi. Ni lazima kujua kitakachozaliwa vikikutana.

HAKUNA KINACHOPOTEA

Katika mabadiliko yote haya uzito haupotei. Tufikirie mawe ya chokaa yanayochomwa kutengeneza saruji katika mji jirani wa Tororo. Ukichoma kilo 100 za mawe safi ya chokaa, utapata kilo 56 tu za chokaa. Kilo 44 zimekwenda wapi? Zimegeuka kuwa hewa ya kaboni, zikapanda juu pamoja na moshi wa tanuu.

Au tuchukue shaba. Tangu mwaka 1956 shaba ya Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ililetwa kwa reli kutoka Kasese mpaka Jinja ili iyeyushwe kwa umeme wa Owen Falls. Kazi hiyo ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika mawe yale shaba haikuwa peke yake. Ilikuwa imeungana na chuma na salfa. Ili kuipata shaba ni lazima salfa iungue itoke. Nayo salfa ikiungua haipotei, bali huungana na oksijeni kuwa hewa kali inayokereketa koo na kubana kifua.

Basi, mfanyakazi akiona kitu kimepungua katika tanuu, sufuria au pipa, ajiulize kimekwenda wapi. Mara nyingi kimekwenda hewani, na hewa hiyo ndiyo tunayovuta.

DALILI ZA MGEUKO

Utajuaje kwamba vitu vinageuka, wala havichanganyiki tu? Zipo dalili ambazo mtu yeyote anaweza kuzitambua bila chombo cha maabara.

Dalili ya kwanza ni joto. Chokaa iliyotoka tanuuni, ambayo bado haijatiwa maji, ukiimwagia maji huchemka yenyewe bila moto. Ya pili ni mapovu: magadi yakikutana na maji ya ndimu hutoa povu, kwa kuwa hewa ya kaboni imezaliwa. Ya tatu ni harufu mpya, ambayo haikuwamo katika kitu cha kwanza wala cha pili. Ya nne ni rangi kubadilika.

Hiyo ya nne unaweza kuijaribu nyumbani. Chukua kitambaa cheupe chenye doa la bizari ya manjano. Lipake doa sabuni ya mche, nalo litageuka jekundu la kahawia. Kisha kamulia ndimu, nalo litarudi kuwa manjano. Bizari hiyo imekuonyesha makundi mawili makubwa ya kemia, yaani asidi na alkali.

ASIDI NA ALKALI

Asidi ni vitu vyenye ukali wa kuchachuka: ndimu, siki, maziwa yaliyoganda, na kwa ukali mkubwa sana, maji ya betri ya gari. Alkali ni ndugu wa jivu: maji ya jivu ambayo mama zetu hulainishia mboga, magadi, sabuni, chokaa, saruji mbichi, na iliyo kali kuliko zote hizi, kostiki soda. Asidi na alkali zikikutana kwa kipimo hupunguzana ukali, na kitu kinachozaliwa huitwa chumvi, ingawa si kila chumvi ya namna hiyo huliwa.

Kazi ya chokaa katika kiwanda cha sukari ni hiyo. Maji ya miwa yana asidi kidogo. Yakichemshwa na asidi yake, sehemu ya sukari huvunjika ikawa sukari ya aina nyingine isiyofanya chembe, na hiyo ni hasara. Chokaa hupunguza asidi, na pia hukusanya uchafu uzame chini. Kipimo kikizidi, maji ya miwa huharibika rangi. Kwa hiyo mtu anayesimamia chokaa ameshika mkononi faida ya kiwanda kizima, na inafaa ajue hivyo wakati wa kudai malipo ya ujuzi wake.

Watu wengi huogopa asidi na kuidharau alkali. Hilo ni kosa. Asidi huuma mara moja, mtu akaruka. Alkali mara nyingi huanza kimya. Kostiki soda ikichemshwa na mafuta huzaa sabuni. Nayo ngozi yetu ina mafuta. Ndiyo maana ukiigusa unahisi utelezi, na utelezi ule ni mwanzo wa ngozi yako kugeuka. Fundi anayepiga magoti katika saruji mbichi asubuhi anaweza kukuta jioni kwamba magoti yameungua.

HATARI NNE ZA KUKUMBUKA

1. Asidi kali na maji. Zikikutana hutoa joto jingi. Tia asidi ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Usimwage maji juu ya asidi kali hata siku moja, kwani maji hayo machache huchemka ghafula na kuirusha asidi usoni mwako. Kostiki soda nayo hutiwa ndani ya maji baridi kidogo kidogo, wala si maji juu yake.

2. Dawa ya kung'arisha nguo na asidi. Dawa hiyo, ambayo majumbani wengi huiita Jik, ina klorini iliyofungwa. Ikikutana na asidi, kwa mfano dawa nyingine za kusafishia vyoo, klorini hufunguliwa. Ni ile ile ya Ypres. Mfagiaji anayechanganya dawa mbili katika ndoo moja akidhani usafi utazidi, anaweza kuanguka chooni. Ikichanganywa na amonia pia huzaa hewa ya sumu. Dawa moja, ndoo moja. Na mashambani ni vivyo hivyo: usichanganye dawa mbili katika pampu moja kwa kukisia.

3. Tangi lililochachuka. Molasi, pombe na masalio ya mazao yakichachuka hutoa hewa ya kaboni. Haina rangi, na uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala chini ya tangi au shimo kama maji. Tarehe 21 Agosti 1986 hewa hiyo ilitoka katika Ziwa Nyos, nchini Kameruni, ikashuka mabondeni usiku na kuua watu zaidi ya 1,700. Mtu anayeshuka ndani ya tangi la namna hiyo huzimia kabla hajapata nafasi ya kupanda. Kisha mwenzake humwona ameanguka, naye hushuka kumwokoa; wa pili hufa kwa huruma yake, na wa tatu vile vile. Asiingie mtu mpaka hewa imepimwa kwa chombo na tangi limepigwa hewa safi, awe amefungwa kamba, na mwenzake awe nje bila kuondoka. Usijaribu kwa mshumaa, maana huenda mle ndani mna hewa inayowaka.

4. Kuungua kwa dawa. Ngozi au jicho likiguswa, mwagia maji safi mengi mara moja, kwa dakika 20 au zaidi, na vua nguo zilizolowa. Usitie ndimu juu ya kostiki wala magadi juu ya asidi, kwani joto la kukutana kwao litakuunguza mara ya pili. Baada ya maji, hospitali.

HAKI YA KUJUA

Kujua si hisani ya msimamizi wala nyapara. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inataka iwepo sheria ya kulinda haki ya mtu kufanya kazi katika hali ya usalama na afya, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 imemwekea mwajiri wajibu huo. Nao Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unaeleza kwamba mfanyakazi ana haki ya kuambiwa dawa anayoitumia ni nini na ina madhara gani, na kujiondoa penye hatari kubwa ya karibu bila kuadhibiwa.

Kwa hiyo tazameni mapipa. Alama ya pembe nne yenye mpaka mwekundu si pambo. Fuvu la kichwa ni sumu. Mwali ni kitu kinachowaka. Mkono unaomwagiwa dawa ni kitu kinachounguza ngozi. Pipa lisilo na maelezo lisifunguliwe. Dawa isitiwe katika chupa ya soda, maana mtoto au mwenzako ataiona soda. Kama maelezo yameandikwa kwa Kiingereza tu, mwakilishi wenu adai yasomwe na kuelezwa kwa lugha mnayoielewa, pamoja na glavu, miwani na buti zinazofaa kwa dawa hiyo.

Na kabla ya kumwaga kitu chochote juu ya kitu kingine, ulizeni swali hili moja: hiki kikikutana na kile, kitazaa nini? Asiyeweza kulijibu asitoe amri, naye asiyejibiwa asimwage.