Simu Ikiharibika: Fanya Haya Kabla ya Kumwachia Fundi

Tuseme uko soko la Kiirua. Magunia ya waru yashapakiwa kwa pikapu na mnunuzi amesema anatuma pesa sasa hivi. Unatoa simu mfukoni na skrini ni nyeusi. Unabonyeza, unaitikisa, unapuliza pale kwa chaji, wapi. Mwenye gari anataka kuondoka. Fundi wa simu yuko hatua chache tu, na anakwambia, "Niachie tu, mathe, na ile namba ya kufungua. Uje saa kumi."

Wengi wetu tungeiacha hapo na kwenda zetu. Subiri kidogo.

Kwanza ujue kwamba pesa zako haziko ndani ya simu, na wala haziko ndani ya laini. Iwe ni M-Pesa ama Airtel Money, salio lako limewekwa kwenye rekodi za kampuni, chini ya nambari yako. Laini ni kama ufunguo wa mlango, na simu ni mkono tu unaoshika ufunguo. Kwa hivyo simu ikizima, toa laini uiweke kwa simu nyingine ya mtu unayemwamini, hata kama ni kabambe. Kwa M-Pesa piga *334# na utaona salio lako lilelile, bila intaneti. Mnunuzi akituma, zitaingia. Laini ndogo ya simu ya kugusa huenda ikacheza kwenye nafasi kubwa ya kabambe, kwa hivyo usitupe kile kiplastiki ulichoibandua nacho siku ya kwanza. Ukimaliza, futa meseji zako kwa simu ya mwenyewe kabla ya kuirudisha.

Kasoro ambazo huenda hazihitaji fundi

Simu kukataa chaji ndiyo malalamiko ya kila siku. Mara nyingi shida ni vumbi la shamba na nyuzi za mfuko zilizoshindiliwa pale waya unapoingia. Jaribu kwanza waya mwingine na kichwa kingine cha chaji. Ikikataa, zima simu, mulika tochi kwenye tundu, kisha toa uchafu polepole kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie sindano wala pini ya nywele. Ndani mna kilimi chembamba chenye mistari ya shaba, na ukikivunja, hapo sasa utalipa fundi kweli.

Betri ikivimba, ama kifuniko cha nyuma kikianza kuinuka, acha kuchaji siku hiyohiyo. Usiikandamize irudi na usiitoboe. Inaweza kushika moto. Hiyo ni kazi ya fundi, si ya kesho.

Simu ikiingia maji, izime, toa laini, ipanguse, iache mahali penye hewa na usiichaji mpaka ikauke kabisa. Na mchele? Mchele ni wa pilau. Hata Apple huwaambia wateja wasiweke simu kwenye mchele, kwa sababu chembe zake zinaweza kuingia ndani na kuiharibu zaidi.

Kuna kasoro mbili ambazo watu huzidhania ni wizi. Ya kwanza ni ile programu ya malipo ama ya benki kukataa kufunguka baada ya betri kuisha kabisa. Angalia tarehe. Simu ikirudi ikidhani tuko mwaka 2010, programu haitaamini muunganisho wowote, kwa sababu vyeti vya usalama vya intaneti vina tarehe zake. Weka tarehe na saa zijiseti zenyewe kupitia mtandao, kisha ujaribu tena. Ya pili ni kutumiwa pesa na meseji isifike. Kabambe ikijaa meseji haipokei nyingine. Futa za zamani, halafu uangalie salio kupitia menyu yenyewe. Kwa kweli zoea kuangalia menyu hata meseji ikifika, kwa sababu meseji yaweza kutungwa na mtu yeyote, lakini salio haliwezi.

Skrini ikianza kujibonyeza yenyewe, usijaribu kuweka PIN ya pesa hapo. Itakuandikia namba zisizo zako, na baada ya kukosea mara chache akaunti itafungwa. Hamisha laini kama tulivyosema.

"Hakuna mtandao" si kasoro ya kupuuzwa

Hapa ndipo tunataka usome mara mbili. Mtandao ukipotea ghafla, uliza aliye karibu nawe kama wake upo. Kama wote mmepoteza, ni mnara, subirini. Kama ni wewe peke yako, zima simu na uiwashe, toa laini uipanguse kwa kitambaa kikavu, uirudishe. Ikikataa bado, iweke kwa simu nyingine. Ikishika huko, simu yako ndiyo mbovu na unaweza kutulia.

Lakini laini ikikataa hata kwa simu nyingine, usiende kwa fundi. Inawezekana laini imeungua tu. Inawezekana pia kuna mtu amejifanya wewe, akapewa laini mpya ya nambari yako, na yako ikafa saa hiyohiyo. Huyo sasa ndiye anapokea namba za uthibitisho za benki yako. Azima simu, pigia kampuni yako ya simu na benki palepale, uwaambie wafunge akaunti, halafu ndiyo uuleze mengine. Ukingoja mpaka ufike Meru mjini, huenda ukachelewa.

Ikibidi umwachie fundi

Mafundi wengi ni watu wa heshima na hatusemi vingine. Lakini meza ya fundi hupitiwa na wengi, na simu yako itakuwa wazi. Kwa hivyo toa laini wewe mwenyewe, pamoja na kadi ya kumbukumbu. Hakuna kasoro ya skrini, betri ama chaji inayohitaji laini yako ilale dukani. Kama simu bado inawaka, piga *#06# uandike zile tarakimu 15 za IMEI kwenye karatasi, ili ujue utakayorudishiwa ni yako. Samsung nyingi mpya zina hali ya matengenezo kwenye mipangilio. Ukiiwasha, fundi anaweza kujaribu simu bila kuona picha, meseji wala programu zako. Kama yako haina, toka kwenye programu za benki na mikopo, na ufute ile noti uliyoandika PIN. (Tunajua unayo.)

Fundi anaweza kuhitaji namba ya kufungua skrini ili ajaribu kazi yake. Mpe ya muda, kisha uibadilishe ukichukua simu. PIN ya pesa na nambari ya kitambulisho hazihitaji hata kidogo.

Tableti na laptopu zifuate njia hiyohiyo. Toka kwenye barua pepe na ufute paswadi ulizohifadhi, maana mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha paswadi za akaunti zako nyingine zote.

Ukirudi saa kumi, usilipe kwanza. Rudisha laini, piga simu moja usikie kama unasikika, chomeka chaji uone kama inaingia, linganisha IMEI na ile ya karatasi. Kisha sogea kando kidogo, fungua menyu ya pesa, na umlipe fundi wako.