Makaroni ya Malai, Kuku na Mboga

Yako maakuli ambayo muda ndio kiungo chake cha kwanza. Biriani humtaka mpishi wake aianze mapema, haluwa haiivi ila kwa mkono usiochoka kukoroga, na maharage makavu hayasikii amri ya mtu yeyote mpaka saa yao itimie. Walakini yako na maakuli ya namna ya pili, ambayo muda mrefu huyadhuru badala ya kuyafaa, na katika jamii hiyo yamo makaroni ya malai yachanganywayo na kuku na mboga, chakula cha jioni ambacho mtu aliyerudi kazini magharibi, mwenyewe ana njaa na watoto wanamtazama usoni, anaweza kukiandaa mezani kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Si kwa sababu amekipunja haki yake, bali kwa sababu haki yake ndiyo hiyo nusu saa. Kikizidishiwa robo saa juu ya moto, makaroni hugeuka rojo, kuku hukauka, mboga hupoteza rangi, na malai hutengana, mafuta yakaenda zao na maji yakabaki peke yao.

Asili ya mgeni huyu aliyeingia jikoni mwetu yafaa kujulikana kabla ya kuinjika sufuria. Watu wengi wamepokea hadithi kwamba tambi zililetwa Italia na msafiri Marco Polo, aliporejea Venice kutoka Uchina mwaka 1295. Ni hadithi tamu, lakini tarehe zinaikanusha. Mwaka 1154, zaidi ya karne moja kabla ya marejeo hayo, mwanajiografia al-Idrisi, aliyekuwa akifanya kazi katika baraza ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, alikamilisha kitabu chake kikubwa cha habari za nchi za dunia, na humo akautaja mji wa Trabia, ulio karibu na Palermo, mahali penye maji na vinu vingi, ambapo watu walitengeneza tambi za ngano kwa wingi na kuzisafirisha merikebuni hata Calabria na nchi nyinginezo, za Waislamu na za Wakristo. Tambi zilikuwa bidhaa ya bahari tangu zamani, na sababu yake ni dhahiri: ngano iliyokandwa ikakaushwa barabara hustahimili safari ndefu bila kuoza.

Katika pwani yetu tambi zimekwisha kupata uraia. Hukaangwa, zikapikwa kwa sukari, iliki na zabibu kavu, na kwa watu wengi mwezi wa Ramadhani haukamiliki bila sahani yake wakati wa kufuturu. Kusini mwa Somalia, nchi iliyotawaliwa na Waitalia, tambi za mchuzi wa nyama zimekuwa chakula cha siku zote, huliwa na ndizi mbivu pembeni, na mikahawa ya Kisomali ya Eastleigh, Nairobi, imewafundisha watu wa makabila mengine wasiione ndizi hiyo kuwa kioja.

Ama malai na kuku, hao wana habari nyingine. Mjini Rome, Alfredo di Lelio, aliyefungua mkahawa wake mwaka 1914, alijipatia sifa kwa tambi pana alizozichanganya na siagi na jibini ya Parmesan, basi, bila tone la malai. Mwaka 1920 waigizaji wa sinema wa Marekani, Mary Pickford na Douglas Fairbanks, walikula kwake walipokuwa katika fungate, nao baadaye wakamtunukia kijiko na uma vya dhahabu. Sifa ilivuka bahari, na ilipofika Marekani wapishi wa huko wakatia malai, kisha kuku, kisha mboga, mpaka chakula kikawa kingine kabisa. Mwitaliano mshika mila akiandaliwa kuku juu ya makaroni yumkini atamtazama mwenyeji wake kwa huruma, maana kwao nyama huja katika sahani ya pili, baada ya tambi kuliwa. Lakini sisi tuliolelewa kwa wali na mchuzi katika sinia moja hatuna sababu ya kuona haya.

Sasa nitasema jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo roho ya mapishi haya. Wengi hudhani kwamba uzito na ulaini wa rojo hutoka katika wingi wa malai, kwa hiyo huyamimina bila hesabu, na matokeo yake ni chakula kinachokinaisha baada ya vijiko vitatu. Ulaini huo hutoka, kwa sehemu kubwa, katika maji yaliyochemshiwa makaroni, yale ambayo majumbani mwetu humwagwa katika mfereji pasi na huruma. Makaroni yanapochemka huachia wanga wake majini. Wanga huo, ukitiwa katika kikaango chenye mafuta na malai, huyashika mafuta na maji pamoja yasiachane, ukaufanya mchuzi kuwa mzito na wenye kung'aa, unaogandamana na kila kipande. Upawa mmoja au pawa mbili za maji hayo hufanya kazi ambayo kikombe kizima cha malai hakiwezi. Anayelifahamu hili ataona mara moja kwa nini desturi mbili zilizoenea kwetu hazifai katika chakula hiki: ya kwanza ni kutia mafuta katika maji ya kuchemshia, maana mafuta huelea juu, na wakati wa kuchuja huyapaka makaroni utelezi unaokataa mchuzi; ya pili ni kuyasuuza makaroni kwa maji baridi baada ya kuyachuja, jambo ambalo huuondoa ule wanga tuutakao. Kwa tambi za saladi ya baridi kusuuza kuna maana. Hapa ni hasara tupu.

Kwa walaji wanne, makaroni ya gramu 400 yanatosha, na yakiwa mafupi yenye matundu ni bora kuliko marefu, kwa sababu malai huingia ndani ya matundu, na kijiko huyachota pamoja na kuku na mboga bila ugomvi. Mpishi atazame kwenye pakiti kama yametengenezwa kwa ngano ngumu, ile iitwayo duramu, kwa kuwa ngano hiyo ina nguvu ya kushikamana, na makaroni yake hubaki imara majini. Yaliyotengenezwa kwa ngano laini ni rahisi, lakini hupasuka na kulegea mpishi akipitiwa hata kidogo. Kazi ya kwanza kabisa, kabla ya kugusa kisu, ni kuinjika maji, kiasi cha lita 3 na nusu, kwa maana maji ndiyo yachukuayo muda mrefu kuliko kitu kingine chochote katika shughuli hii, na anayeanza kwa kukata vitunguu halafu ndipo akumbuke maji, amekwisha kuipoteza robo saa ambayo hataiona tena. Yakichemka yatiwe chumvi, vijiko viwili vya chakula, na asiogope, kwani sehemu kubwa ya chumvi hiyo hubaki majini. Makaroni yasiyotiwa chumvi wakati huo hayawezi kukolezwa baadaye kwa hila yoyote.

Wakati maji yanatafuta moto, kuku atayarishwe. Hapa sina budi kusema kinyume cha mapenzi yangu: kuku wa kienyeji, ambaye utamu wake haupingiki, si wa jioni hii. Mnofu wake wataka kuchemshwa muda mrefu, na mwenye kumtaka amchemshe jana yake, amchambue, na ile supu aihifadhi. Kwa chakula cha haraka atakikana kuku wa kisasa, tena kidari chake, nusu kilo isiyo na mifupa, ikatwe vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole gumba, kwa kukata nyuzi za nyama kwa upana wake ili kipande kiwe laini jinoni. Vipande vifutwe kwa kitambaa safi mpaka vikauke, kwa kuwa nyama yenye maji haikaangiki bali hujichemsha yenyewe na kubaki nyeupe kama iliyougua. Ndipo vinyunyiziwe chumvi na pilipili manga. Aliyezoea kumroweka kuku katika ndimu asifanye hivyo leo, kwa sababu ukali wa ndimu ukibaki kikaangoni huweza kuyakata malai. Ndimu ina nafasi yake, nayo ni mwishoni.

Kikaango kipana kipate moto hasa, kitiwe mafuta kidogo, na vipande vitandazwe kwa nafasi, kwa mikupuo miwili ikiwa kikaango ni kidogo. Viachwe bila kuguswa dakika 2 au 3, vigeuzwe, viachwe tena kadiri hiyo, kisha viopolewe. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74 za sentigredi katikati ya kipande kinene. Asiye nacho akate kimoja akitazame, na kisiwe na wekundu. Kule kugandamana kwa rangi ya kahawia katika sakafu ya kikaango kusikwanguliwe wala kusioshwe, maana ni utamu uliokwisha kulipiwa.

Juu ya utamu huo hutiwa siagi kijiko kimoja, kitunguu maji kilichokatwa vidogo, na baada ya kulainika kwake, kitunguu thomu punje tatu zilizopondwa, ambazo hazitaki zaidi ya nusu dakika kwa sababu zikiungua huwa chungu. Mboga zifuatane kwa ugumu wake: karoti nyembamba kwanza, kisha uyoga ukipatikana, na pilipili hoho nyekundu na ya kijani mwisho, ili zibaki na ukakamavu wake. Njegere mbichi sizipeleki kikaangoni kabisa. Huzimwaga katika sufuria ile ile ya makaroni zikisalia dakika 5, zikaiva humo na kuchujwa pamoja nayo, na sahani moja ya kuosha imepungua. Nyanya, ambazo mkono wa mpishi wetu huziendea hata akiwa usingizini, ziachwe kando jioni hii. Malai na ukali wa nyanya huweza kupatana, lakini huo ni mchuzi mwingine wenye adabu zake.

Malai ya kupikia, ambayo madukani huuzwa katika pakiti kwa jina la krimu, yatiwe kikombe kimoja, kama mililita 200, juu ya moto wa wastani. Yenye mafuta mengi hustahimili kuchemka, ilhali maziwa matupu na mtindi hukatika upesi; asiye na malai na atumie maziwa, lakini kwanza akaange kijiko kimoja cha unga wa ngano katika siagi ile pamoja na kitunguu, na unga utayalinda maziwa yasikatike. Makaroni yaonjwe dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Yakiwa yameiva nje na ndani yangali yakibishana na jino kidogo, mpishi achote vikombe viwili vya maji yake, ayachuje makaroni, na kuyamwaga katika kikaango pamoja na kuku na upawa mmoja wa yale maji, kisha ageuze na kugeuza kwa dakika mbili hizo zilizosalia, akiongeza maji kidogo kidogo kadiri mchuzi unavyonywewa. Mchuzi uonekane mwepesi kuliko anavyoutaka, kwa kuwa utazidi kuwa mzito kati ya jikoni na mezani. Jibini iliyoparuzwa, kama ipo, itiwe baada ya kikaango kuteremshwa, maana kwenye moto mkali hujikusanya madonge. Na hapo ndipo matone machache ya ndimu na majani ya kotmiri yanapokaribishwa.

Mpishi wa pwani atauliza kwa nini asitumie tui, na swali lake ni la haki kabisa. Tui zito la nazi moja hushika mahali pa malai vizuri mno, na kwa walio na matumbo yasiyopatana na maziwa ndiyo njia salama. Ila lina utamu wake, kwa hiyo lipewe pilipili mbichi moja nzima isiyopasuliwa na binzari nyembamba ya kusagwa kidogo, jibini iachwe, na likorogwe bila kukoma mpaka lichemke ili lisikatike, kama ambavyo kila aliyefundwa jikoni amekwisha kuambiwa.

Jambo la jiko moja nalo halina budi kusemwa, kwa kuwa mapishi mengi yaandikwayo vitabuni hudhani kila nyumba ina moto wa kuinjika vyombo viwili kwa pamoja. Mwenye seredani moja, au mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa kimoja, akaange kuku katika sufuria pana na kumwopoa, akaange kitunguu na karoti humo humo, kisha atie makaroni makavu pamoja na lita moja na robo ya maji au supu, chumvi kijiko kimoja cha chai, na kukoroga mara kwa mara yasigande chini. Maji yatakauka makaroni yanapoiva, wanga wote ukabaki sufuriani, na malai nusu kikombe yatatosha. Hoho, njegere na kuku vitiwe dakika 5 za mwisho. Mimi, ingawa nina moto wa ziada, mara nyingi huichagua njia hii, kwa uvivu wa kuosha vyombo.

Chakula hiki hakingoji mgeni aliyechelewa, basi walaji waitwe makaroni yangali kikaangoni. Yakibaki, yahifadhiwe katika jokofu kabla ya saa mbili kupita, na kesho yake yapashwe moto taratibu kwa maziwa kidogo au maji, yakikorogwa kwa mwiko mpaka mchuzi ulegee tena. Na ikiwa yamebaki machache mno kumshibisha mtu, yavunjiwe mayai mawili na kukaangwa kama chapati nene, watoto wakayala asubuhi kwa chai.