Kufuli la Bure Lililovujisha Siri za Seva

Aprili 7, 2014 ilitangazwa kuwa kufuli linalotegemewa na maduka na mabenki kwenye intaneti lilikuwa na tundu kwa miaka miwili. Kufuli hilo ni OpenSSL, programu ya bure inayofumba mawasiliano kati ya mteja na seva.

Kompyuta mbili zinapowasiliana hutumiana salamu fupi, kila moja ihakikishe kuwa mwenzake bado yupo. Salamu hiyo huitwa mapigo ya moyo, na ndiyo asili ya jina la kasoro hiyo, Heartbleed. Anayetuma hutaja neno na idadi ya herufi zake, seva hulirudisha. Tatizo ni kwamba seva haikuhesabu. Ni kama mteja amwambie karani: "Nisomee neno 'mchele', lina herufi 60,000." Karani yeyote angecheka. Seva ilisoma "mchele", kisha ikaendelea kusoma chochote kilichofuata daftarini: nywila za wateja wengine, namba za kadi, hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Kila ombi liliweza kutoa hadi kilobaiti 64, na mwizi aliweza kurudia apendavyo bila kuacha alama katika rejista za kawaida.

Huko Kanada, mamlaka ya kodi ililazimika kufunga huduma zake za mtandao katikati ya msimu wa kujaza fomu. Namba za bima ya jamii za walipa kodi wapatao 900 zilikuwa zimekwishaibwa.

Toleo lililorekebishwa, 1.0.1g, lilitoka siku ileile ya tangazo. Hata hivyo kuziba tundu hakukutosha. Wenye seva walitakiwa pia kubadili funguo na vyeti, ndipo wateja wabadili nywila. Aliyetangulia kubadili nywila kabla seva haijatengenezwa alikuwa akimkabidhi mwizi nywila mpya.

Upande wa fedha ndio wa kushangaza zaidi. Mfuko wa OpenSSL ulikuwa ukipata michango ya dola 2,000 hivi kwa mwaka, na mtaalamu mmoja tu ndiye aliyeifanya kazi hiyo muda wote. Makampuni yenye faida ya mabilioni yalikuwa yamejenga maduka juu ya msingi uliokuwa na fundi mmoja tu wa muda wote! Mwezi huohuo Google, Microsoft, Facebook na mengine yaliahidi, kupitia Linux Foundation, dola 100,000 kila moja kwa mwaka, kwa miaka mitatu.