Tatizo Si Rangi
"Nipake rangi gani ili ukuta uache kulowa?" Swali hili linarudi kila mvua zinapoanza, kutoka Bulengera hapa Butembo hadi Mulekera kule Beni, na mara nyingi anayeuliza amekwisha kununua ndoo ya rangi ya mafuta. Jibu langu ni lile lile: hakuna. Hakuna rangi inayokausha ukuta, na hiyo ya mafuta ndiyo mbaya kuliko zote.

Nyumba zetu nyingi ni za tofali lililochomwa kienyeji, na tofali la namna hiyo huweza kunywa maji hadi sehemu ya tano ya uzito wake. Likikaa juu ya msingi usio na plastiki wala lami, linavuta maji ya ardhini kama utambi unavyovuta mafuta. Maji hayo yakifika usoni mwa ukuta, hewa huyakausha kidogo kidogo. Sasa wewe unaleta fundi, anapiga lipu nene ya sima, anaifunika kwa rangi ya mafuta. Maji yamekosa pa kutokea, lakini hayarudi chini. Yanapanda. Doa lililoishia kwenye kifundo cha mguu mwaka huu, mwakani utalikuta gotini. Chumvi ya udongo iliyokuja na maji hujikusanya nyuma ya rangi, inaganda, inavimba, inasukuma lipu hadi ibambuke. Mwenye nyumba anailaumu rangi, anakwenda dukani kutafuta ya bei kubwa zaidi. Nimeona kuta zilizopakwa tabaka juu ya tabaka namna hii, na kila tabaka lilizidisha ugonjwa.

Butembo kuna jambo jingine, nalo ni vilima. Tunachimba mteremko ili kupata kiwanja, kisha ukuta wa nyuma unaachwa umeegemewa na udongo. Mvua yote ya mlimani inaishia pale. Ukuta huo ukiupaka kwa ndani, maji yanaendelea kuusukuma kutoka nyuma, na hata jua la Januari haliwezi kuusaidia.

Halafu kuna wale wanaowasha mbabula chumbani usiku, madirisha yamefungwa, eti ukuta ukauke. Acheni kabisa! Makala yanayowaka hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Na ukuta wenyewe haukauki. Joto huhamisha maji kutoka ukutani kwenda hewani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 hubeba mvuke wa gramu 23 hivi. Ikipoa hadi nyuzi 15 inabaki na gramu 13 tu. Zilizozidi ndizo zinazodondoka alfajiri kutoka kwenye mabati.

Fanyeni hivi. Weka mfereji kwenye kingo za mabati, maji yaende mbali na msingi. Ondoa udongo ulioegemea ukuta, uchimbe mtaro unaoshuka chini ya usawa wa sakafu. Bandua sima na rangi ya ndani hadi juu ya doa, uache ukuta ukauke kiangazi chote, ndipo upige lipu ya chokaa na mchanga. Unayejenga sasa, tandika plastiki nene au lami juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza. Baadaye kazi hiyo ni ghali mno. Matundu ya hewa yasizibwe kwa magunia. Ukiogopa mbu, weka wavu. Nguo zianikwe nje, chakula kipikwe nje, kitanda kisigusane na ukuta. Ukungu uufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, usiukwangue mkavu ukaurusha hewani.

Hili si suala la uzuri wa nyumba. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu wa majumbani, likaonyesha kuwa wanaoishi katika nyumba zenye unyevu huo huugua zaidi pumu na magonjwa ya kupumua. Mtoto anayekohoa kila usiku kando ya ukuta uliolowa hatatibiwa kwa ndoo ya rangi. Mvua ijayo ikinyesha, vaa buti, uzunguke nyumba yako uone maji yanasimama wapi, na pesa ya rangi umlipe mchimba mtaro.