Kasi Ndiyo Inayompandisha Mrukaji

Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, kwenye Ngong Road, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Wepesi huo humsumbua mgeni wa mbio ndefu, lakini anayeruka kwa upondo humfaa kidogo: mbio zake huisha kabla pumzi haijawa tatizo, na hewa haimkinzi sana.

Mbio hizo ndizo mtaji wake wote. Chukua kasi, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa 19.6. Kijana anayefikia mita 7 kwa sekunde ana nguvu ya kuinua mwili wake mita 2.5, akifikisha 8, zinakuwa 3.3. Kiuno chake nacho tayari kiko karibu mita moja kutoka ardhini. Armand Duplantis, aliyeruka mita 6.30 jijini Tokyo mwaka 2025, hukimbia zaidi ya mita 10 kwa sekunde huku amebeba upondo. Mikono yenye misuli huongeza kidogo tu, ingawa wavulana wengi huanza na hiyo.

Basi anayeanza, awe Riruta au Waithaka, aanzie kwenye mchanga wa kuruka mbali, bila kamba wala mtambaapanya wa kuvuka. Asimamishe upondo, anyooshe mkono juu kabisa, na ashike hapo hapo. Anayetumia mkono wa kulia huuweka huo juu. Hatua sita zinamtosha. Katika hatua mbili za mwisho mkono wa juu hupanda kutoka kiunoni, hupita sikioni, hunyooka juu ya kichwa. Mguu wa kushoto ukanyage wima chini ya mkono huo, goti la kulia lisukumwe mbele, na mwili upite upande wa kulia wa upondo.

Kosa linaloumiza ni kushika juu mno. Upondo hauna budi kuzunguka mpaka usimame wima, na kadiri mshiko unavyopanda ndivyo kasi inayohitajika inavyoongezeka. Isipotosha, upondo hukwama njiani na kumrudisha kijana kwenye njia ya kukimbilia, ambako hakuna mchanga.

Mwanzi usidharauliwe. Cornelius Warmerdam wa Marekani aliutumia kuruka mita 4.77 mwaka 1942, na kanuni za kimataifa hadi leo huruhusu upondo wa kitu chochote. Ila mwanzi haupindi kama upondo wa kisasa wa nyuzi za kioo, kwa hiyo kishindo cha kuusimika huishia begani. Tena ukipasuka hutoa ncha kali. Ukaguliwe pingili kwa pingili kabla ya kila zoezi, na wenye ufa uende jikoni.