Kujenga Vigasha: Kabla Hujanunua Springi au Kopo

Hamali anayeshusha magunia katika soko la Mwanakwerekwe hakupata vigasha vyake dukani. Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo kiganjani. Imo katika kigasha, baina ya kisugudi na kifundo cha mkono, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu. Ndiyo maana kushikilia kitu kizito huimarisha mshiko na kunenepesha kigasha kwa pamoja.

Zoezi lenyewe halina gharama. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja; hivyo dumu la lita 20 lililojazwa robo ni mzigo wa kilo 5 hivi. Chukua mawili, simama wima, yashikilie kwa sekunde 30, pumzika, kisha rudia mara mbili zaidi. Mzigo ukiwa mwepesi, ongeza lita moja, si tano. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, kwani misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Nguvu hutangulia, unene huchukua miezi, na kiasi chake hutegemea pia maumbile. Muuzaji anayeahidi wiki mbili anauza matumaini.

Springi ya kukamia si kitu kibaya, ingawa haina ajabu lisilopatikana kwenye dumu. Ijaribu kabla ya kulipa, na udai risiti.

Kopo la unga au vidonge vya kujaza misuli ndilo linalotutia wasiwasi. Hakuna unga unaochagua kigasha. Zaidi ya hayo, katika nchi mbalimbali zimekamatwa bidhaa za aina hii zenye steroidi zisizotajwa kwenye lebo, nazo huweza kudhuru ini na moyo, na kupunguza mbegu za uzazi za mwanamume. Soma jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Lebo ikiwa imebanduliwa au huielewi, liache. Waulize Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar iwapo bidhaa imesajiliwa. Ukiwa umekwishapotoshwa, usilitupe kopo: lipeleke pamoja na risiti kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, kwani Sheria Nambari 5 ya mwaka 2018 inamlinda mtumiaji dhidi ya madai ya uongo.

Vidole vikifa ganzi usiku, au kisugudi kikiuma bila ya kupoa, nenda kituo cha afya, na madumu yakae chini mpaka upate ushauri.