Gari la waya: Mchezo wa bei rahisi wenye mafunzo mengi

GARI la kuchezea linalonunuliwa dukani huja likiwa limekamilika. Mtoto hulisukuma siku mbili tatu, gurudumu linang'oka, na mchezo unaishia hapo. Gari la waya ni tofauti. Likiharibika, mwenye gari ndiye fundi.

Katika sehemu za mashambani kama Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, watoto wamejiundia magari haya kwa miaka mingi. Hii ni nchi ya miwa, ambako matrekta huvuta matrela yaliyojaa kuelekea viwandani. Si ajabu basi mtoto akaunda trekta lenye trela na kulipakia vipande vya mabua.

Wazazi wengi wa leo walipokuwa wadogo, walioigwa walikuwa madereva wa Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953 na kufanywa kwa miaka mingi wakati wa Pasaka. Joginder Singh alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, naye Shekhar Mehta akashinda mara tano. Wavulana waliunda Datsun na Peugeot za waya, wakazibandika namba za maboksi na kutimua vumbi vijijini. Mwaka wa 2021 Safari ilirudi katika mashindano ya dunia, huko Naivasha.

Kuliunda si kazi ngumu. Pinda waya mnene upate umbo la gari, kisha funga maungio kwa vipande vyembamba vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Magurudumu hukatwa kutoka kwa ndara zilizochakaa. Weka kizibo cha soda kila upande wa gurudumu ili lisiyumbe. Mwisho, unganisha magurudumu ya mbele na waya mrefu unaofika kifuani mwa mtoto, wenye duara juu. Hiyo ndiyo steringi: ukizungusha, gari linapiga kona.

Kule Uingereza, tangu mwaka wa 1957, kuna magari ya Scalextric yanayokwenda kwa umeme yakifuata mfereji mwembamba uliochongwa katika njia yake. Mchezaji huketi akidhibiti mwendo kwa kidole. Gari la waya halina mfereji. Dereva ni lazima akimbie nalo, na akikosa kona, hana wa kulaumu.

Faida kubwa zaidi ni urafiki. Mmoja ana waya, mwingine ana tyubu, na mwenye koleo hupendwa na wote. Kabla ya mashindano ni lazima wapatane: njia ni ipi, gari likipinduka itakuwaje, na wadogo watatangulia hatua ngapi. Mtoto asiye na shilingi mfukoni aweza kuwa bingwa, awe mvulana au msichana.

Hata hivyo, wazazi wawe macho. Seng'enge ya jirani isikatwe. Ncha za waya zikunjwe zisidunge jicho, na kisu kishikwe na mkubwa. Zaidi ya yote, barabara ya magari si uwanja. Trela lililojaa miwa halisimami ghafla.

Nawe mzazi wa mjini, Jumamosi ijayo usikimbilie dukani. Mtafutie mwanao waya, ndara kuukuu na vizibo, umwite na mtoto wa jirani, kisha uketi nao. Gari la kwanza huenda likaenda upande. La pili watalinyoosha wenyewe.